Je, Mgonjwa Naye Aende Kutembea?

Masomo: Marko 14:3–9, Matendo ya Mitume 3:1–10

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba mambo mawili. Tunasema mtoto ameanza kutembea, maana yake miguu yake imepata nguvu. Tena tunabisha hodi kwa jirani na kusema, "Sina neno, nimekuja kutembea tu," maana yake nimekuja kuwaona, kupata habari, kisha nirudi kwangu. Kwa miaka mingi nilitumia neno hili pande zote mbili bila kufikiri. Aliyenifanya nifikiri ni mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, msharika wangu hapa Moshi. Hawezi kutembea kwa maana ya kwanza, akaomba atembee kwa maana ya pili. Nami nilimkatalia.

Nitaeleza ilivyokuwa, halafu tulitazame swali lenyewe pamoja, kwa sababu naamini haliko katika usharika wangu peke yake.

Mwalimu alipata kiharusi, na mkono na mguu wa kushoto vikalala. Alitibiwa, akafanya mazoezi, maneno yakarudi, lakini mguu haukurudi. Tangu siku hizo yuko kwenye kiti cha magurudumu, na mke wake ndiye anayekisukuma. Usharika haukuwaacha. Akina mama wa jumuiya walipanga zamu za kuwatembelea. Vijana walijitolea kumpandisha ngazi za kanisa kila Jumapili. Siku alizoshindwa kufika, nilimpelekea Chakula cha Bwana nyumbani. Nikiri pia kwamba niliitaja nyumba ile katika mahubiri mara kadhaa, kama mfano wa usharika unaojua kutunza wagonjwa wake.

Katika mwaka wa sita wa ugonjwa wake, tulipanga safari ya siku moja ya wanandoa. Asubuhi tungezunguka mji: stesheni ya reli, Mnara wa Saa, kahawa karibu na jengo la KNCU. Kisha tungepanda Marangu kuyaona maporomoko ya Kinukamori na lango la Hifadhi, tule chakula, turudi kabla ya giza. Wengi wetu tumezaliwa chini ya mlima huu, na tunawaona watalii wakipita na mikoba yao tangu utotoni, lakini hatujawahi kwenda kuutazama kwa furaha tu. Tulikodi Coaster, watu wakaanza kujiandikisha.

Mke wa Mwalimu alikuja ofisini siku ya Jumatano. Nilidhani amekuja kwa habari ya dawa. Akasema, "Mchungaji, na sisi tunajiandikisha. Wawili."

Nilipeleka jambo lile kwa wazee wa kanisa, nao wakalizungumza kwa uzito. Sababu zao nazieleza kwa haki, kwa kuwa hazikuwa za kijinga na mimi mwenyewe niliziunga mkono. Ya kwanza ilikuwa usalama: barabara ya mlimani, ngazi za maporomoko, na mtu mwenye shinikizo la damu. Ya pili ilikuwa gharama: kiti chake kinachukua nafasi ya abiria, na wanahitajika vijana wa kumbeba. Ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini. "Mchungaji, akihitaji hospitali tutatoa. Akihitaji unga tutatoa. Lakini kwenda kutazama maji yanaanguka, kutamsaidia nini? Kuna mjane anavujiwa na mvua."

Nikaenda kuwaeleza. Nilisema kwa upole, nikaomba pamoja nao, nikaahidi kwamba tutawaletea picha. Mwalimu aliitikia Amina. Kisha akasema, "Mchungaji, nimetembelewa miaka sita. Mimi sijamtembelea mtu hata mmoja." Hakusema zaidi. Mke wake alinisindikiza mpaka kwenye ua wa masale, akasimama. "Sikuomba kwa ajili yake tu," akasema. "Miaka sita nimekuwa muuguzi wake. Nilitaka siku moja niwe mke wake."

Coaster iliondoka bila wao. Picha tuliwapelekea.

Basi swali ni hili: haja za mtu aliyepatwa na ugonjwa au ulemavu zinaishia wapi? Je, zinaishia kwenye dawa, chakula na maombi, na yote yaliyobaki ni ziada? Je, uzuri na furaha ni vya watu wazima, na mgonjwa atosheke na kuhurumiwa?

Kitu cha kwanza nilichokigundua baadaye, tena kwa aibu, ni kwamba swali la "kutamsaidia nini" hatukumwuliza mtu mwingine yeyote. Wanandoa wote waliojaza Coaster ile walikwenda kutazama maji yanaanguka, wala hakuna mzee aliyetaka kujua yatawafaa nini. Furaha ya mzima haidaiwi maelezo. Anayedaiwa ni mgonjwa, na maelezo yanayokubalika ni yale yanayotoka kwa daktari. Angeleta cheti kwamba hewa ya Marangu ni dawa ya kiharusi, tungempa kiti cha mbele. Kumbe tulikuwa tumemwondoa katika hesabu ya watu na kumweka katika hesabu ya mahitaji.

Katika Katekisimo Ndogo, Martin Luther anapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani, hafundishi kwamba Mungu ameumba walio wazima. Anamfundisha kila mkristo kukiri kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote, na kwamba ananipa kila siku mahitaji ya mwili na ya maisha kwa wema wake wa kibaba, pasipo mimi kustahili. Mwenye kiharusi naye anakiri maneno hayo. Kibo inayofunguka alfajiri kabla ya mawingu kupanda ni mali ya Mungu yule yule, naye hakuwauliza wanaoitazama kama wamesimama au wameketi.

Lakini mjane anayevujiwa yupo. Hoja hiyo haijibiwi kwa maneno matamu, na ndiyo maana Maandiko hayakuikwepa. Bethania, katika nyumba ya Simoni mkoma, mwanamke mmoja alimmiminia Yesu marhamu ya thamani kubwa kichwani. Wengine walikasirika na kuuliza kwa nini kitu kile kipotee bure, na walikuwa na hesabu kamili: zaidi ya dinari mia tatu, karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua, nazo zingeweza kuwafaa maskini. Hesabu yao ilikuwa sawa, na maskini waliowataja walikuwapo. Hata hivyo Bwana alimtetea mwanamke yule, akasema amemtendea kazi njema. Hakusema maskini waachwe. Alisema kwamba wakati wowote wakitaka wanaweza kuwatendea mema, neno ambalo tukilisikia vizuri linatuchoma: kama mjane bado anavujiwa, si kwa sababu marhamu yalimwagwa Bethania, bali kwa sababu siku nyingine zote hatukutaka.

Najua pia jinsi somo hili linavyoweza kutumiwa vibaya. Mtu anaweza kulishika kutetea gari la fahari na karamu isiyo na kiasi. Kwa hiyo nimejiwekea kipimo chenye maswali mawili. Marhamu yamemiminwa juu ya kichwa cha nani, na yametoka katika chupa ya nani? Yule mwanamke hakujimiminia mwenyewe, wala hakuchota katika mfuko wa maskini. Alichukua kilicho chake akampa mwingine, tena mtu ambaye kifo chake kilikuwa karibu. Anasa ninayojimiminia mwenyewe haina sehemu katika habari ya Bethania. Lakini furaha ninayomnunulia aliyelala, kwa kupunguza kilicho changu, hiyo ina sehemu.

Somo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Katika Matendo sura ya tatu, kiwete tangu kuzaliwa alikuwa akichukuliwa na watu kila siku na kuwekwa penye mlango wa hekalu uitwao Mzuri. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi, na siku zote nilikimbilia muujiza. Sikuwahi kusimama kwa wale waliombeba. Walikuwa watu wema, walikuja kila siku, wala hatusikii kwamba walichoka. Lakini walimbeba mpaka mlangoni, wakamweka nje, wakaenda zao. Uzuri wa mlango ule ulikuwa kwake mahali pa kuombea sadaka. Habari yenyewe inamalizika pale Petro anapomshika mkono na mtu yule anaingia ndani pamoja nao, akitembea na kurukaruka. Mimi na washarika wangu tulikuwa wale wabebaji. Kwa bidii nyingi tulimfikisha Mwalimu mlangoni mwa kila kitu, tukamwacha hapo.

Mtu ataniambia: Mchungaji, mbona wapo wenye ulemavu waliopanda mlima wenyewe? Ni kweli. Bernard Goosen wa Afrika Kusini alifika kileleni kwa kiti cha magurudumu mwaka 2003, akarudi tena mwaka 2007. Mwaka 2012 Spencer West, ambaye hana miguu, alifika huko akitumia mikono yake kwa sehemu kubwa ya njia. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini nimeona hatari katika namna tunavyowasimulia. Tunawashangilia mashujaa, kisha tunawapima wengine wote kwa kipimo chao, kama kwamba mwenye ulemavu anaruhusiwa mlimani akionyesha ushujaa. Mwalimu hakuomba kufika mita 5,895. Wengi wetu tulio na miguu miwili hatujafika huko, wala hakuna anayetunyima Marangu kwa sababu hiyo. Sisi Walutheri, tunaofundisha kwamba mtu anapokelewa na Mungu kwa neema na si kwa matendo, tungepaswa kuwa wa kwanza kuona kosa hili. Tulimdai tendo kubwa kabla ya kumkaribisha.

Tena kuna jambo la haki, lililo tofauti na huruma. Hapa kwetu, pasipo njia, pana mabega. Vijana wanne wanashika kiti, mmoja anahesabu, mtu anapandishwa. Nimeona upendo mwingi katika mabega hayo, kama wa wale wanne wa Kapernaumu waliofumua dari. Lakini siku moja Mwalimu aliniambia, "Mchungaji, nikibebwa kila Jumapili mbele ya macho ya watu, nimekuwa sehemu ya ibada." Anayebebwa hachagui saa ya kuingia wala ya kutoka. Hawezi kuchelewa, hawezi kuondoka katikati ya mahubiri yakimchosha. Hana budi kushukuru kila mara. Mtelemko wa saruji hauhitaji kushukuriwa, nao unampa mtu uhuru ambao bega haliwezi kumpa.

Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Wala hatuwezi kusema elimu iko mbali. Hapa hapa Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, iko TATCOT, iliyoanzishwa mwaka 1981, ambako vijana kutoka nchi nyingi za Afrika hujifunza kutengeneza miguu ya bandia na viti vya magurudumu. Tunafundisha Afrika kuwapa watu miguu, kisha kanisani tunawajengea ngazi saba. Mji wetu unasifika kwa usafi, na ni sifa ya kweli. Lakini jaribu kusukuma kiti cha magurudumu kutoka Mnara wa Saa hadi sokoni, ukutane na mtaro usio na kifuniko, pikipiki zilizoegeshwa kwenye njia ya waendao kwa miguu, na bidhaa zilizotandazwa chini. Njia imefagiliwa, ila haipitiki.

Wala milima si kisingizio. Edinburgh, mji wa Scotland, umejengwa juu ya vilima, una mitaa ya mawe na ngome iliyokaa juu ya mwamba. Hata hivyo katika nchi ile mtu na mkewe wakitaka kuzunguka mji, na mmoja hana nguvu za miguu, zipo sehemu wanakoweza kuazima skuta ya umeme, aketi aendeshe mwenyewe, mwenzake akitembea kando yake. Hatuna skuta hizo, na kwa mitaro yetu zisingefika mbali. Lakini lililo nyuma ya skuta hiyo halihitaji umeme. Ni kukubali tu kwamba mtu huyo naye ana haki ya kwenda kutembea.

Nirudi kwa Mwalimu. Miezi michache baada ya safari ile nilichuma jani la isale, kama wazee wetu walivyotufundisha, nikaenda nyumbani kwake. Kwetu Uchagani, mtu akiletewa jani hilo anajua kwamba aliyekosa amekuja kuomba amani. Mwalimu alilitazama, akacheka. "Mchungaji amekuja na dhambi au na safari?" Nikamjibu, "Na vyote viwili."

Wazee walikubali, nao hawakugusa mfuko wa diakonia. Walipunguza chakula chao cha kufunga mwaka: mahali pa mbuzi yakaingia maharage, na akiba ile ikakodi Noah. Mzee yule yule aliyemtaja mjane ndiye aliyetoa hoja hiyo. Akaongeza kwamba kama maharage yanaweza kumpeleka Mwalimu Marangu, basi mwaka ujao yatanunua mabati. Nayo yakanunua.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, Kibo ikiwa wazi. Stesheni Mwalimu alitaka tusimame. Aliwaambia vijana kwamba reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911. Mbele ya jengo la KNCU akawaeleza kwamba ushirika ule ulianza mwaka 1933, na kwamba karo yake ya shule ililipwa kwa kahawa ya baba yake. Kufika Himo vijana walikuwa wamezima simu zao.

Kinukamori ilitushinda, nalisema bila kuficha. Ngazi zilikuwa na unyevu, na Mwalimu mwenyewe alizitazama akasema hapana. Vijana walitaka kumbeba, akakataa. Akamgeukia mke wake: "Nenda wewe. Uangalie vizuri, uje unieleze." Mama akasita. Hakuwa amekwenda mahali bila yeye kwa miaka sita. Kisha akavua viatu, akashuka na vijana. Mimi nilibaki juu na Mwalimu, tukisikiliza maji, hatukuzungumza. Aliporudi, gauni lake lilikuwa limelowa mpaka magotini na uso wake umekuwa wa mtu mwingine. Akaanza kueleza. Mwalimu akamsahihisha, maana alipajua tangu utoto, akasema maji hayaanguki hivyo. Mama akasema mto umebadilika. Wakabishana kama vijana waliooana juzi, mpaka tukafika langoni.

Pale langoni pa Hifadhi wapagazi walikuwa wakisubiri mizigo yao kupimwa. Mwalimu aliwauliza kama wanajua kwa nini kilele kinaitwa Uhuru. Wengine walijua, wengine hawakujua. Akawasimulia jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyopandisha bendera na Mwenge kileleni tarehe 9 Desemba 1961, usiku ambao yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa, amekaa macho. Wapagazi walimzunguka, mmoja akaweka furushi chini ili asikie vizuri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku zote nilidhani katika methali hiyo mimi ndiye mgeni na Mwalimu ndiye mwenyeji anayehitaji kupona. Siku ile yeye alikuwa mgeni, na waliopata faraja ni wale waliompokea, na mimi pamoja nao.

Mguu wake haukupona, wala sikuahidi kwamba ungepona. Mefiboshethi naye, katika 2 Samweli 9, alikula siku zote mezani pa mfalme, na sura ile inamalizika kwa kutukumbusha kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Meza haikungoja miguu ipone.

Ndugu msomaji, huenda katika usharika wako yupo mtu anayetembelewa kila wiki. Endelea kumtembelea, kwa maana Bwana ameagiza hivyo. Lakini utakapokwenda safari hii, mwulize na swali ambalo sisi tulichelewa miaka sita kuliuliza: wewe ungependa kwenda wapi? Na mwulize mbele ya mwenzi wake, ili naye ajibu.

Kanisani kwetu ngazi ni saba bado, ila kando yake sasa upo mtelemko wa saruji, umejengwa na vijana wale wale wanne. Jumapili ya kwanza baada ya saruji kukauka, Mwalimu alichelewa ibada kwa dakika ishirini. Aliingia taratibu, mke wake akimsukuma, na hakuna aliyegeuka kuwatazama.